Shajara ya ratiba: yuniti 58, vyumba sita na ukumbi wa kuazima

Jumatatu, 10 Julai 2023: Ratiba yaja mezani kwangu

Mwenyekiti wa idara amenikabidhi ratiba ya muhula wa Septemba hadi Desemba. Idara yetu ni ya hisabati na fizikia, katika chuo kikuu hapa kisiwani Mombasa. Mwenzetu aliyeifanya kazi hii miaka mingi amehamia kwingine, na alichoacha ni karatasi moja tu: ratiba ya muhula uliopita, imejaa wino mwekundu. Naandika kila hatua ili atakayenipokea, au mtu wa idara nyingine mwenye mzigo kama huu, ajue wapi nilikwama.

Kazi yenyewe iko hivi. Tuna yuniti 58, yaani masomo 58, kila moja saa tatu kwa wiki, kwa wiki 14. Yuniti 12 zina maabara, na tano kati ya hizo zina watu wengi hadi hugawanywa makundi mawili, kwa hiyo vipindi vya maabara ni 17. Jumla ni vipindi 75. Siku ina zamu tatu: saa moja hadi saa nne asubuhi, saa nne hadi saa saba, kisha saa nane hadi saa kumi na moja. Siku tano ni zamu 15, lakini ile ya kati ya Ijumaa siihesabu kwa sababu ya swala. Zabaki 14.

Vyumba vyetu vya mihadhara ni sita, na chuo hutuazima ukumbi mkubwa kwa zamu sita kila wiki. Sita mara 14 ni 84, ongeza sita, nafasi 90. Mihadhara ni 58. Nimetoka ofisini leo nikiamini kazi itaisha kwa wiki moja.

Alhamisi, 13 Julai: Njia ya mkato imeziba

Nilichukua ratiba ya zamani nikabadilisha majina ya walimu na yuniti. Kufikia saa sita mchana nimeelewa wino mwekundu ulitoka wapi. Yuniti 11 zina wanafunzi zaidi ya 72. Katika orodha ya vyumba niliyopewa, chumba chetu kikubwa kabisa huchukua watu 72. Maana yake yuniti zote 11 zategemea ukumbi wa kuazima, nao una zamu sita tu. Tano hazina pa kwenda, hata kama vyumba vidogo vimekaa vitupu kutwa.

Ile hesabu ya nafasi 90 naiacha hapa kwa makusudi, kwa sababu kila niliyemwonyesha alifarijika kama mimi. Chumba cha watu 40 kilicho kitupu hakimsaidii mwalimu mwenye watu 140. Anza na yuniti kubwa na vyumba vikubwa, uvihesabu peke yake, kabla ya kujumlisha chochote.

Jumanne, 18 Julai: Kuhesabu viti kwa miguu

Leo sikugusa kompyuta. Nimezunguka vyumba vyote sita na daftari, nikiongozana na askari wa zamu mwenye funguo.

Chumba cha pili, ambacho orodha yasema ni cha watu 60, kina viti 47, na vinne kati ya hivyo vimeng'oka kibao cha kuandikia. Chumba cha tano kina viti vya kutosha lakini kinatazama magharibi na feni moja tu ndiyo izungukayo; saa tisa alasiri ukuta wake huunguza mkono. Paa la chumba cha sita ni bati tupu, halina dari. Askari amenambia mvua ikinyesha walimu huacha kusema na kuandika ubaoni tu. Yote nimeyaandika pembeni mwa namba za viti, kwa sababu orodha ya chuo haina safu ya joto wala ya mvua.

La maana zaidi nimelikuta kwenye chumba chetu kikubwa, ukumbi wa ngazi, ule wa zamani wa fizikia. Orodha yasema 72. Niliingia nikahesabu safu: moja, mbili, hadi sita, kisha mbele yangu pakawa na kilima cha viti vilivyovunjika, vimepandiana hadi karibu na dirisha, vumbi nene juu. Nikapanda pembeni nikishika ukuta. Nyuma ya viti kulikuwa na safu nyingine tatu za mabenchi ya mbao, yamekazwa sakafuni, mazima kabisa. Kila benchi huketi watu 12. Safu tisa ni watu 108. Aliyehesabu zamani alihesabu alichokiona, akaandika 72, na namba hiyo ikanakiliwa mwaka baada ya mwaka.

Kati ya zile yuniti 11, tano zina wanafunzi kati ya 73 na 108. Sita zilizobaki ndizo zipitazo 108, na zamu za ukumbi wa kuazima ni sita. Barua ya kuomba viti viondolewe imeandikwa na kupelekwa leo hii.

Jumamosi, 29 Julai: Ukumbi wa ngazi umefunguka

Jibu la barua lilikuja juzi, siku ya tisa. Ruhusa tumepewa, lakini gari na watu hapana. Nimewaita mahamali wawili na mkokoteni, shilingi 2,500, wakahamisha viti hadi bohari kwa nusu siku. Kufuli jipya la mlango, 650. Ushauri wangu: barua ya namna hii ipelekwe siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu hakuna njia ya kuiharakisha.

Jumatano, 2 Agosti: Kadi ukutani

Kabla ya kutumia programu nilitaka kuliona tatizo kwa macho. Kadi za manila 12 kwa shilingi 360, nikazikata vipande 58, kipande kwa kila yuniti. Pini na uzi, 250. Yuniti mbili zenye hata mwanafunzi mmoja wa pamoja nazifunga uzi, na zilizofungwa uzi haziwezi kukaa zamu moja.

Jozi za yuniti 58 ni 1,653, hazikaguliki kwa kichwa. Nilichofanya: masijala walinipa orodha ya namba ya mwanafunzi na yuniti aliyojiandikisha. Nikaipanga katika Excel, mwanafunzi kwa mstari, yuniti kwa safu, 1 kama anaisoma na 0 kama haisomi. Kisha fomula mbili za Excel, MMULT (huzidisha majedwali) pamoja na TRANSPOSE (hugeuza mistari iwe safu), hutoa jedwali la 58 kwa 58, na kila kisanduku kinakwambia ni wanafunzi wangapi wanaosoma yuniti zote mbili. Ni kazi ya nusu saa ukishapata orodha safi. Kuisafisha kulinichukua siku mbili, maana yuniti moja ilikuwa imeandikwa kwa misimbo mitatu tofauti.

Jedwali limeonyesha ambayo ratiba za nyuma hazikuwahi kuyazingatia. Tumezoea kupanga kwa mwaka: mwaka wa kwanza na mwenzake wasigongane, wa pili na mwenzake, basi. Lakini tuna wanafunzi 41 wanaorudia yuniti. Kijana wa mwaka wa tatu anayerudia kalkulasi ya mwaka wa kwanza hana mtu wa kumsemea kwenye ratiba. Akikuta yuniti mbili kwenye zamu ileile, huchagua moja, na ile nyingine huianguka tena. Nimewahi kumfundisha mmoja wao na sikujua kwa nini alikuwa akitoka nusu ya kipindi. Leo nimejua.

Sasa kosa. Nilianza kuweka kadi zilizo rahisi, zenye nyuzi chache, ili nione kazi ikisonga. Kadi 48 zilikaa vizuri. Ya 49 ilikuwa na nyuzi kwenda karibu kila zamu, haikukaa popote, na ili kuipisha ilinibidi niondoe nyingine saba. Nikazibandua zote nikaanza upya kwa mpangilio wa kinyume: yenye nyuzi nyingi ndiyo ya kwanza. Njia hii ina ukoo. Watafiti Welsh na Powell waliiandika mwaka 1967, wakilitazama suala la ratiba kama kupaka rangi vitone vilivyounganishwa kwa mistari, pasiwe na vitone viwili vilivyoungana vyenye rangi moja. Rangi ndiyo zamu. Kwa njia hiyo kadi 56 zimekaa. Mbili zimebaki mkononi.

Jumatatu, 14 Agosti: Programu

Nimehamia FET, programu huria ya ratiba iliyoanzishwa na Liviu Lalescu wa Romania. Haina malipo na haihitaji intaneti ukishaipakua. Nayo huanza na vipindi vigumu, na kipindi kikikosa nafasi hukipisha kwa kuhamisha kingine, kama nilivyokuwa nikifanya ukutani, ila yenyewe haichoki. Usitarajie ipitie kila mpangilio uwezekanao. Watafiti Even, Itai na Shamir walionyesha mwaka 1976 kuwa tatizo la ratiba ni katika yale yasiyo na njia ya haraka ijulikanayo kwa kila hali.

Kila sharti hupewa uzito. Sharti la asilimia 100 halivunjwi. La chini ya hapo programu hulijaribu, na likishindikana husonga mbele. Walimu na vyumba nimewapa 100, wanaorudia nimewapa 80. Nilitamani kuwapa 100 nao, lakini ratiba haikukamilika.

Leo jioni vipindi vyote 75 vimepangwa, chini ya dakika moja. Nimechapa rasimu.

Alhamisi, 17 Agosti: "Mimi ni mmoja"

Rasimu nilimpelekea kwanza fundi wa maabara, mtu mzima ambaye idara nzima twamwita Ami. Akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akasimama kwenye Jumanne asubuhi.

"Mwalimu, hapa maabara zote mbili zina watu saa moja."

"Naam Ami, makundi tofauti, walimu tofauti."

"Na mimi niko wapi? Mimi ni mmoja."

Nilikuwa nimeandika maabara mbili kama vyumba viwili, nikasahau kwamba zinahudumiwa na mikono miwili ya mtu mmoja. Tukakaa naye tukahesabu: vipindi 17 vya maabara, zamu 14, fundi mmoja. Haiwezekani kwa ratiba yoyote, na bado hatujampa nafasi ya kuandaa vifaa. Kwa mihula yote iliyopita amekuwa akikimbia kati ya milango miwili, na hakuna aliyeliandika.

Suluhisho limetoka kwake. Zile yuniti tano zenye makundi mawili, kundi moja liingie wiki ya kwanza, la pili wiki ya pili, zamu ileile. Vipindi 17 vikawa 12. Katika FET nimemwingiza Ami kama mwalimu wa vipindi vyote vya maabara, na hapo programu yenyewe yamlinda. Tumepoteza kitu: wanafunzi wa makundi hayo watafanya majaribio saba badala ya 14. Walimu wawili wamelalamika, na wana haki. Nimewaomba tuchague majaribio saba yenye uzito, na barua ya kuomba fundi wa pili imeandikwa.

Jambo la Ijumaa tulilimaliza siku hiyohiyo. Muhula uliopita maabara ilipangwa Ijumaa saa nne hadi saa saba, na vijana walikuwa wakiacha jaribio katikati kwenda msikitini. Hapa Mombasa adhuhuri haiingii wakati uleule mwaka mzima: mapema Novemba huingia kama saa sita na dakika tano, Februari hukaribia saa sita na dakika 35. Anayenakili ratiba ya muhula mmoja kwenda mwingine hujikuta amekata nusu saa ya watu. Tumefunga saa sita kamili hadi saa nane, mwaka mzima. Ile zamu fupi ya saa mbili tumeiacha kwa semina. Jumamosi nayo hatukuigusa, ingawa walimu wa muda waliitaka, kwa sababu tuna wanafunzi Wasabato na hakuna sababu ya kuwalazimisha kuchagua.

Jumamosi, 26 Agosti: Stima

Jana usiku karibu saa nne stima ilipotea nchi nzima. Nilikuwa nimeingiza masharti ya walimu tangu jioni, sikuwa nimehifadhi, na betri ya kompyuta yangu haidumu dakika tano bila waya. Saa tatu za kazi zimekwenda. Sasa nahifadhi kila sharti kumi, kwa jina lenye tarehe, na nakala najitumia kwa barua pepe.

Ijumaa, 1 Septemba: Zamu ya saa moja

Rasimu imebandikwa, na malalamiko mengi ni ya zamu ya saa moja asubuhi. Walimu watatu huvuka kivuko cha Likoni. Niliwapa saa nne kuendelea bila kumuuliza mtu, nikidhani nimetenda wema. Mwenzangu wa Mtwapa akaja mlangoni: "Na sisi tunaotoka kaskazini, hii barabara waijua wewe?" Akanionyesha kuwa amepewa saa moja siku nne kati ya tano.

Alisema kweli. Nimeondoa upendeleo wa Likoni na kuweka sharti moja kwa wote: hakuna mwalimu mwenye zaidi ya zamu mbili za saa moja kwa wiki, na hakuna anayemaliza saa kumi na moja jioni kisha akaanza saa moja kesho yake. Wa Likoni nao wamekubali, mmoja kwa shingo upande. Programu ilikwama mara mbili, ikakubali nilipohamisha yuniti moja ya mwaka wa nne hadi chumba cha tano asubuhi, kabla jua halijafika ukuta ule.

Jumatano alasiri nimeiacha tupu kwa idara nzima, iwe akiba ya kufidia vipindi.

Ijumaa, 8 Septemba: Wiki ya kwanza

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuwa kwenye orodha ya Julai, nilitumia makadirio. Yuniti moja niliyoikadiria 104 imefika 131. Siku ya Jumanne vijana walijaa ngazi za ukumbi na wengine wakasimama dirishani nje, daftari juu ya kizingiti. Ukumbi wa kuazima hauna zamu hata moja iliyobaki, na hapa ndipo kosa langu lilipo: sita kwa sita, sikuacha pumzi.

Tumewagawa: 86 ukumbi wa ngazi, 45 chumba cha pili baada ya kuongeza viti viwili na kutengeneza vibao vinne. Kipindi kimoja zaidi kwa mwalimu, saa tatu kila wiki, nazo lazima zilipwe. Muhula ujao nitaongeza asilimia 25 juu ya makadirio ya mwaka wa kwanza, na yuniti yoyote inayokaribia 90 nitaipangia kundi la pili tangu mwanzo.

Jumatano, 11 Oktoba: Sikukuu

Jana, Jumanne, ilikuwa sikukuu. Ijumaa ijayo, tarehe 20, ni Mashujaa. Akiba ya Jumatano alasiri imefanya kazi kwa wanafunzi wetu wenyewe. Kwa wale wa uhandisi tunaowafundisha hisabati haikufaa, kwa sababu Jumatano alasiri wao wako karakana. Sikuwahi kuiomba ratiba ya idara yao. Nimeipata leo kwa simu moja ya dakika tano.

Jumatatu, 20 Novemba: Mvua

Jumatatu iliyopita, tarehe 13, ilitangazwa sikukuu ya kupanda miti siku chache kabla, na mvua za vuli za mwaka huu zimekuwa nzito mno. Wiki iliyopita barabara zilijaa maji. Ndani ya chumba cha sita mvua juu ya bati ilimnyamazisha mwalimu kwa dakika 40, kama askari alivyonambia Julai. Nilikuwa nimeandika lakini sikulitia kwenye programu. Yuniti zake nimezihamisha hadi vyumba vyenye dari kwa wiki zilizobaki. Nafasi zilikuwapo tele, kwa hiyo ningeweza kufanya hivi tangu mwanzo bila gharama yoyote.

Ijumaa, 8 Desemba: Hesabu

Masomo yameisha leo. Fedha: manila 360, pini na uzi 250, mahamali 2,500, kufuli 650, kuchapa nakala 15 za A3 shilingi 750. Jumla 4,510. Muda wangu ni saa 96 nilizoandika, zikiwamo zile siku mbili za kusafisha orodha ya masijala.

Wanaorudia yuniti: 33 kati ya 41 walimaliza muhula bila mgongano. Wanane waligongana. Watano kati yao tuliwapata mapema, wakasoma na kundi lingine au kwa makubaliano na mwalimu. Watatu hawakuja ofisini hadi wiki ya tisa, na nitawatafuta mwenyewe Januari kwa majina, sitangoja waje.

Barua ya fundi wa pili bado haijajibiwa. Faili la FET, jedwali la viti lenye safu ya joto na ya mvua, na ratiba ya uhandisi vyote viko kwenye kabati la ofisi ya idara, ndani ya bahasha ya kahawia. Ami ana ufunguo.